Mzigo wa Mwenzio si Kanda la Usufi

Wahenga wetu wa pwani walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliyewahi kushika kanda lililojaa usufi, ule wa kutilia mito, ajua jinsi lilivyo jepesi: mtoto wa miaka sita aweza kujitwika akenda nalo mbio. Wahenga hapo walikuwa wakitusuta. Mtu akimwona mwenziwe ameelemewa na deni, au na msiba, au na maradhi ya mtoto, huona kana kwamba alichojitwika si kitu. Husema, "Ah, fulani naye kazidi kulia," kisha hushika njia yake. Uzito wa mzigo huujua shingo iliyo chini yake.

Nimeukumbuka msemo huo kwa sababu ya swali nililoulizwa na kijana mmoja wa chuoni, hodari wa kusoma na hodari zaidi wa kuuliza. "Maalim," aliniambia, "jirani zetu Wakristo hufunzwa kanisani kwamba wabebeane mizigo, na kwao hiyo ni amri. Nasi twasoma katika Qurani kwamba hakuna abebaye mzigo wa mwingine. Mbona basi wao waambiwe wasaidiane, na sisi tuambiwe kila mtu na lake?"

Swali hilo si dogo, na haifai kulijibu kwa kumkemea aliyeuliza. Hapa pwani tumekaa na Wakristo ukuta kwa ukuta kwa zaidi ya miaka mia na hamsini. Twanunua samaki kwa mvuvi mmoja, twapanda matatu moja, na jeneza likitoka nyumba hii au ile sote husimama. Lakini ni wachache miongoni mwetu waijuao amri hiyo ilikotoka, na wachache zaidi waijuao habari ya watu walioitekeleza papa hapa, karibu na Mombasa, kwa hatari ya roho zao. Habari hiyo yatuhusu sisi kuliko tudhanivyo. Leo nakusudia kuisimulia, wema wake na ubaya wake.

BARUA KWA WAGALATIA

Amri yenyewe imo katika barua ambayo Paulo, Myahudi aliyekuwa mwanachuoni wa sheria ya dini yake, aliwaandikia waumini wa Galatia, nchi ambayo leo ni sehemu ya Uturuki, katikati ya karne ya kwanza ya Kikristo. Watu hao walikuwa wakigombana. Walikuwamo waliosema kwamba asiye Myahudi akitaka kumfuata Yesu, ambaye sisi twamwita Nabii Isa (A.S.), sharti kwanza atahiriwe na ashike sheria ya Musa, na walikuwamo waliokataa. Paulo alikuwa upande wa waliokataa, na barua yake ina ukali. Lakini karibu na mwisho, katika sura ya 6, sauti yake yashuka. Awaambia kwamba mtu akianguka katika kosa, wenziwe wamwinue kwa upole, na kila mmoja ajiangalie asije naye akaanguka. Kisha, katika aya ya 2, ndipo awaamrishapo wachukuliane mizigo, akawaambia kwamba wakifanya hivyo watakuwa wameitimiza sheria ya Kristo.

Tazama mahali amri hiyo ilipowekwa. Imewekwa mara tu baada ya habari ya mtu aliyeanguka. Kwa hivyo mzigo unaosemwa hapo si gunia la mchele na fedha za matibabu tu. Ni aibu ya mtu pia, na udhaifu wake, na lile jambo ambalo majirani wangemcheka kwalo.

Lakini mbele kidogo, katika aya ya 5, Paulo huyo huyo asema kwamba kila mtu atachukua mzigo wake mwenyewe. Msomaji wa haraka atadhani amejipinga. La hasha. Katika Kiyunani alichoandikia, neno la aya ya 2 ni baros, yaani uzito unaomlemea mtu. Na neno la aya ya 5 ni phortion, yaani shehena au furushi ambalo kila mmoja hupakiwa lake. Waliofasiri Biblia kwa Kiswahili waliliona jambo hilo, na katika tafsiri iliyozoeleka makanisani wakatumia maneno mawili: mizigo huku, na furushi kule. Mahamali wetu wa bandarini hawahitaji kufasiriwa. Upo mzigo ambao hauinuki ila kwa watu wawili na mpiko mabegani. Na lipo furushi la nguo zako ambalo ni aibu kumpa mwingine akushikie.

WIZRI NA WAZIRI

Natuje kwetu. Qurani Tukufu yatufunza, katika sura tano mbalimbali, kwamba dhambi ya nafsi moja haitwikwi nafsi nyingine. Neno lililotumika ni wizri, ambalo ni mzigo mzito na pia ni dhambi. Hapo ndipo sisi na Wakristo tunapoachana njia, wala si vizuri kuficha: wao waamini kwamba Nabii Isa alizichukua dhambi za watu, nasi twaamini kwamba kila mtu atasimama na daftari lake mkononi. Majirani wema hawana haja ya kujifanya kwamba tofauti hiyo haiko.

Lakini katika shina hilo hilo la wizri limo neno jingine tulisikialo kila siku redioni, nalo ni waziri. Wako wanazuoni wa lugha wasemao kwamba maana yake ya asili ni mtu abebaye mzigo pamoja na mkubwa wake. Katika Surat Taha, Nabii Musa (A.S.) alipotumwa kwa Firauni hakujigamba kwamba atakwenda peke yake. Alimwomba Mola wake ampe waziri katika jamaa zake, naye ni Haruni nduguye, ili amtie nguvu. Ikiwa Nabii aliyesema na Mola wake aliomba mtu wa kubeba naye, sisi ni nani hata tuone haya kuomba? Dini iliyotufunza kwamba dhambi haibebwi na mwingine haikutufunza kwamba taabu haibebwi na mwingine. Na Mtume wetu (S.A.W.), katika hadithi iliyopokewa na Abu Huraira na kuandikwa na Imamu Muslim, ametwambia kwamba amwondoleaye muumini dhiki ya dunia, Mwenyezi Mungu atamwondolea yeye dhiki ya Siku ya Kiyama.

Mambo haya mawili yanaonekana pamoja katika kisa ambacho wengi wetu tulisimuliwa tukiwa wadogo, kisa cha Sayyidna Umar bin Khattab, Mungu amwie radhi. Usiku mmoja, akiwa Khalifa, alikuwa akizunguka nje ya Madina pamoja na Aslam mtumishi wake. Wakamkuta mwanamke amebandika chungu motoni na watoto wake wanalia njaa. Ndani ya chungu mlikuwa na maji matupu. Mama alikuwa akiwadanganya hata usingizi uwachukue. Umar akarudi mbio mpaka ghalani, akatoa gunia la unga na mafuta, akataka atwikwe. Aslam akamsihi ampe yeye abebe. Umar akamuuliza iwapo ni yeye, Aslam, atakayembebea mzigo wake Siku ya Kiyama. Akalibeba mwenyewe, akapuliza moto mwenyewe, akapika, na hakuondoka mpaka watoto walipokula wakashiba.

Angalia vizuri, msomaji wangu. Umar hakusema, "Hakuna abebaye mzigo wa mwenziwe, basi na mama huyu abebe wake." Alisema kinyume chake: kwa kuwa hesabu yangu haitabebwa na mtu, sina budi kuubeba mzigo wa huyu. Gunia lile ndilo lililokuwa furushi lake. Nionavyo mimi, aya mbili za Paulo na usiku ule mmoja wa Umar hukutana hapo. Taabu ya mwenzio imo ndani ya hesabu yako wewe.

KENGELE YA FRERETOWN

Hayo ni mafunzo. Sasa tutazame vitendo. Aendaye Malindi kutoka kisiwani Mombasa, akishavuka Daraja la Nyali, hupita Kengeleni. Makondakta huliita jina hilo mchana kutwa, na abiria hushuka bila kujiuliza ni kengele gani. Ni kengele ya Freretown, makao yaliyoanzishwa na wamisionari wa C.M.S. wa Kanisa la Kiingereza kuanzia mwaka 1874 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Jina latokana na Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyekuja Unguja mwaka 1873, mwaka ambao Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa ya baharini. Kengele iligongwa kuwaita watu, na iligongwa pia kuwatahadharisha palipokuwa na hofu ya kushambuliwa.

Kuanzia mwaka 1875 manowari za Kiingereza zilizokamata majahazi ya watumwa zikawa zikiwateremsha hapo watu zilizowakuta ndani. Fikiri hali yao. Walikuwamo Wayao, Wamakua na watu wa Nyasa. Watoto wasiojua jina la kijiji chao, na akina mama wasiojua wana wao wameuzwa wapi. Hapakuwa na shangazi wala mjomba wa kumlilia. Lugha iliyowaunganisha ni hii yetu ya Kiswahili. James Mbotela, ambaye babake alikuwa mmoja wa waliokombolewa, aliyasimulia maisha hayo katika kitabu chake Uhuru wa Watumwa kilichotolewa mwaka 1934, nacho chastahili kusomwa na kila Mswahili.

Miongoni mwa waliokuwa wenyeji wa wageni hao ni Waafrika waliorudi kutoka Bara Hindi. Hao nao waliuzwa utotoni, wakakombolewa baharini, wakapelekwa Nasik karibu na Bombay, wakafunzwa dini ya Kikristo, uhunzi, useremala na Kiingereza. Mmoja wa vijana wa Nasik, Matthew Wellington, alikuwamo katika kundi lililouchukua mwili wa Daktari Livingstone mabegani kutoka kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia, mpaka pwani ya Bagamoyo, safari ya miezi mingi ya 1873 na 1874. Alifariki Mombasa mwaka 1935. Watu wa namna hiyo hawakuhitaji kuhubiriwa kwamba mzigo wa mgeni si usufi. Shingo zao zilikuwa bado zaukumbuka.

Lakini nimeahidi kusimulia na ubaya. Freretown haikuwa pepo. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 msimamizi wa Kiingereza alilaumiwa kwa kuwapiga viboko wale wale waliokombolewa, hata jambo likachunguzwa na ubalozi wa Uingereza wa Unguja. Nao wasomi wa Nasik walinung'unika kwamba Wazungu hawakuwahesabu kuwa sawa nao. Mtu aweza kuihubiri amri ya kubebeana mizigo hali mkononi ameshika kiboko cha kumwongezea mwenziwe mzigo. Wala hilo si la Wakristo peke yao.

WATORO WA RABAI

Hata hivyo si Freretown iliyonifanya nishike kalamu. Ni Rabai. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akamzika mkewe na mtoto wao mchanga mwaka huo huo, na mwaka 1846 yeye na Johannes Rebmann wakafungua kituo chao cha misheni katika milima ya Rabai. Kanisa lililoko huko leo laitwa kwa jina la Mtakatifu Paulo, yule yule aliyewaandikia Wagalatia.

Mkataba wa 1873 ulizuia biashara ya baharini tu. Utumwa wenyewe uliendelea kuwa halali katika ukanda wa pwani wa Sultani, na haukufutwa kwa sheria hapa petu mpaka mwaka 1907. Aliyekombolewa na manowari alikuwa huru. Lakini aliyetoroka shamba la Malindi au la Takaungu alikuwa mtoro, na aliyempokea alihesabiwa kuwa amechukua mali ya watu. Mabwana wa pwani walikasirika, na mwaka 1880 Freretown ilitishiwa kushambuliwa. Balozi wa Uingereza naye hakutaka vita, akawahimiza wamisionari wasiwapokee watoro. Na wakubwa wa misheni wakakubali.

Sasa watoro wakaenda wapi? Wengine walijitenga na kujenga vijiji vyao msituni. Kimoja kilikuwa Fuladoyo, katika nchi ya Wagiriama, ambako Wakristo na watoro walikaa pamoja chini ya David Koi. Mwaka 1883 David Koi aliuawa. Alikuwa Mwafrika, na hakuna manowari iliyokuja kumtetea.

Na wengine walipanda milima mpaka Rabai. Huko walimkuta William Jones. Huyu naye alikuwa mtumwa utotoni, akakombolewa, akasomeshwa Bara Hindi, akaletwa Mombasa katika miaka ya 1860. Mwaka 1885 yeye na mwenziwe Ishmael Semler walipewa daraja la ushemasi na Askofu Hannington, wakawa Waafrika wa mwanzo kupewa daraja hiyo katika nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya. Mwaka huo huo alitoka na Askofu safari ya Uganda, msafara wa wapagazi wapatao 200. Askofu akatangulia na watu wachache, akauawa Busoga mwezi wa Oktoba. Jones, aliyeachwa nyuma na wapagazi wengi, ndiye aliyewarejesha nyumbani waliosalia. Walifika Rabai mwezi wa Februari 1886, wachovu na wenye msiba.

Katika miaka hiyo pia ilipita njaa kubwa ambayo Wamijikenda huikumbuka kwa jina la Mwakisenge. Watu wa kila aina walipanda Rabai kutafuta chakula, na katika kundi la wenye njaa nani atamtambua mtoro? Jones na Wakristo wenziwe walijua vizuri kilichoahidiwa na wakubwa wao. Walijua pia kwamba usiku wowote waweza kuvamiwa. Watoro wakaendelea kuja, wakajenga vibanda, wakalima, wakakaa. Ilipofika mwaka 1888 hesabu yao, pamoja na wale wa vituo vya jirani, ilipita 1,400.

Mwaka huo alifika Mombasa George Mackenzie, mkuu wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki. Akakuta mabwana wanadai watu wao na mji umechemka. Akatafuta fedha, akawalipa mabwana fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watoro wa Rabai wakapewa hati za uhuru. Wako wasemao kwamba Kampuni ilifanya hivyo kwa ajili ya amani ya biashara yake, na sina sababu ya kukataa. Lakini fedha za Kampuni zilikuja mwisho. Kabla ya hati na kabla ya fedha, kulikuwa na miaka ambayo mzigo huo ulibebwa na watu wasio na chochote ila vibanda vyao na mihogo yao.

HADITHI MBILI ZA MTU MMOJA

Katika ukoo wetu habari ya watoro ilisimuliwa kwa namna nyingine. Babu wa babu yangu alikuwa na shamba upande wa Takaungu. Nilipokuwa mdogo, wazee walipokaa barazani baada ya sala ya isha, walikuwa wakitaja miaka ile waliyotorokwa na watu, minazi ikakosa wa kuiangua na mtama ukaliwa na ndege. Ilikuwa hadithi ya hasara. Hakuna aliyeuliza waliotoroka walilala wapi usiku wa kwanza.

Miaka michache iliyopita nilikwenda Rabai nikaketi na mzee mmoja wa kanisa, mtu wa miaka karibu tisini. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, akaagiza niletewe dafu. Babu yake alikuwa mtoro. Alifika usiku, alisema mzee, na mguu wenye donda, akagonga mlango wa kwanza aliouona. Nikamuuliza, "Babu, aliyemfungulia hakuogopa?"

"Aliogopa, mwanangu," alinijibu. "Mtu asiogope ana nini? Lakini hakumuuliza katoka shamba la nani. Alimuuliza kama amekula."

Sikumwambia habari ya shamba la Takaungu mara moja. Nilimwambia baadaye, nikiwa namalizia dafu, kwani niliona si haki kula kwake na kuficha. Alinyamaza kidogo, akacheka cheko la wazee, akasema, "Basi sisi tu jamaa." Akaagiza dafu la pili.

Tangu siku hiyo, nisomapo Surat al-Balad, huisoma kwa masikio mengine. Humo Mola wetu atutajia njia ya kupanda, ile iliyo ngumu kwa mwanadamu, kisha atufunulia ni nini: ni kumwacha huru mtumwa, au kumlisha katika siku ya njaa yatima aliye jamaa, au masikini aliyelala mavumbini. Mambo hayo tulikuwa nayo. Yalikuwa yakisomwa katika misikiti ya Takaungu na Malindi na Mombasa, kwa sauti nzuri, katika miaka ile ile ambayo watu walikuwa wakipanda milima ya Rabai usiku. Na wako Waislamu wengi wa pwani walioacha watumwa wao huru kwa ajili ya Mungu. Hilo nalo lisemwe, kwani ni kweli. Lakini kweli ni kwamba mtoro alipokimbia alikimbia kutoka kwetu, na mlango uliofunguliwa ulikuwa wa jirani.

Kwa hivyo jibu langu kwa kijana wa chuoni ni hili. Dini hizi mbili hazipingani katika jambo la kusaidiana. Zatofautiana katika jambo la nani huchukua dhambi. Wanaopingana ni watu na vitabu vyao.

MZIGO WA LEO

Huenda msomaji akasema kwamba utumwa umekwisha, na sasa tupumzike. Lakini Paulo, kama tulivyoona, aliitaja mizigo baada ya kumtaja aliyeanguka. Na leo hapa pwani hakuna aliyeanguka kama kijana wa unga. Kila mtaa unao, tangu Lamu na Malindi mpaka Likoni. Twawajua kwa majina, twawajua mama zao. Mtoto akiwa na homa ya matumbo nyumba hujaa wageni na vikapu vya machungwa. Akiwa ni wa unga, mlango hufungwa, na mama hununua sukari duka la mtaa wa pili ili asionwe. Huo ndio mzigo wenye aibu ndani yake, nao ni mzito kuliko wa njaa, kwa sababu mwenye njaa huweza kuomba.

Tangu miaka ya 2010 zimekuwapo kliniki hapa pwani zinazowapa vijana hao dawa ya methadoni ili waache heroini. Dawa hiyo hunywewa palepale kliniki, mbele ya mhudumu, siku baada ya siku. Wengi hushindwa kwa sababu ya nauli, au kwa sababu njiani hukutana na wale waliowatia katika balaa. Wanahitaji mtu wa kwenda nao. Sizungumzi habari ya hotuba wala ya kamati. Ni mtu wa kusimama mlangoni saa moja asubuhi na kusema, "Mwanangu, twende," na kesho yake akarudi tena. Najua mahali ambapo kazi hiyo hufanywa na mama wa kanisa kwa mtoto wa Kiislamu, na mahali ambapo hufanywa na mzee wa msikitini kwa mtoto wa Kikristo. Mahali pa namna hiyo ni pachache mno.

Ajuaye kijana kama huyo katika mtaa wake amekwisha kuonyeshwa gunia lake. Nami, kwa kuwa mshairi hawezi kuondoka bila ya ubeti, naacha huu kwa wasomaji wangu wa dini zote mbili:

Mzigo wa mwenzi wako, usiuone usufi,
Utie begani mwako, kwa moyo ulio safi,
Siku ya hesabu yako, Mola wako ndiye Kafi,
Furushi lako ni lako, halibebwi na mwenzio.